Wi-Fi ya Mtaani: Jua Inatoka Wapi Kabla Hujalipa

Ukiwa Mbotela, fungua sehemu ya Wi-Fi kwenye simu yako uhesabu majina yanayojitokeza. Kuna jina la kampuni ya faiba likifuatwa na nambari. Kuna la duka, kuna la familia, kuna la shabiki aliyeipa ruta yake jina la timu yake ya mpira. Halafu kuna moja au mawili yasiyo na alama ya kufuli. Yote yamepangwa kwa orodha moja, na simu haikuambii lipi linatoka kwa jirani unayemjua na lipi limewekwa jana usiku na mtu usiyemjua.

Hili ni jambo la kuangalia kwa sababu siku hizi Wi-Fi na pesa ziko mahali pamoja. Mitaa mingi ya Eastlands ina Wi-Fi ya kulipia kidogo kidogo. Unaunganisha, ukurasa unafunguka, unachagua kama unataka saa moja au siku nzima, unaandika nambari yako ya simu, ombi la malipo linatokea kwenye skrini, unaweka PIN, basi unaingia. Kwa mwanafunzi asiye na bando na kwa fundi anayetafuta kazi mtandaoni, huduma hii imesaidia sana. Serikali nayo ilitangaza mwaka wa 2022 mpango wa kuweka Wi-Fi ya umma katika maeneo 25,000 kote nchini. Kwa hivyo majina kwenye ile orodha yataongezeka tu.

Swali ni hili: utajuaje kwamba Wi-Fi unayotaka kulipia ni ile ya mama wa duka, na si ya mtu aliyenakili jina lake? Simu yako tayari ina kifaa cha kukusaidia. Kifaa hicho ni nguvu ya mawimbi.

Jina la Wi-Fi si kitambulisho

Mtu yeyote anaweza kuipa ruta yake jina lolote. Hakuna ofisi inayosajili majina ya Wi-Fi, na hakuna anayezuia visanduku viwili kuwa na jina moja. Tapeli anachohitaji ni ruta ndogo, au hata simu tu iliyowashwa hotspoti, kisha anaandika jina lilelile ambalo watu wa mtaa wamelizoea. Wataalamu huita Wi-Fi ya namna hii pacha mwovu.

Simu nayo inaweza kumsaidia tapeli bila wewe kujua. Ukishawahi kuingia kwenye Wi-Fi isiyo na neno la siri, simu huweka jina lake. Siku nyingine ikisikia jina hilohilo bila kufuli, inaweza kuingia yenyewe. Tena orodha ya kawaida ya simu huunganisha visanduku vyenye jina moja na aina moja ya ulinzi, ikakuonyesha mstari mmoja tu. Viko viwili hewani, wewe unaona kimoja.

Nyuma ya jina kuna anwani ya kisanduku chenyewe: tarakimu na herufi 12, zimepangwa mbilimbili. Sita za kwanza kwa kawaida huonyesha kampuni iliyotengeneza kifaa. Programu za kupima Wi-Fi, kama WiFiman, huonyesha anwani hii, na hapo ndipo utaona kwamba jina moja lina visanduku viwili. Lakini anwani nayo inaweza kughushiwa. Jambo gumu kughushi ni mahali kisanduku kilipo, kwa sababu mawimbi lazima yatoke mahali fulani.

Kusoma nguvu ya mawimbi

Ile alama yenye mistari mitatu au minne kwenye simu ni makadirio tu. Programu ya kupima hukupa nambari kamili kwa kipimo kinachoandikwa dBm, na nambari hiyo huwa na alama ya kutoa mbele yake. Ifikirie kama deni: mwenye deni la 40 ana afadhali kuliko mwenye deni la 70. Vivyo hivyo, -40 ni mawimbi yenye nguvu kuliko -70.

Kwa matumizi ya kawaida, soma hivi. Ukiona -30 hadi -45, uko karibu sana na kisanduku, pengine chumba kimoja nacho. Kati ya -50 na -65, mawimbi ni mazuri na kisanduku hakiko mbali, labda ukuta mmoja umekitenga nawe. Ukifika -70, intaneti inaanza kuchechemea. Ukiona -80 kushuka, unasikia jina tu, matumizi yake ni ya kuhangaika.

Tofauti ndogo kwenye nambari ni kubwa hewani. Ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki moja kwa kumi. Kwa hivyo kutoka -40 hadi -70 nguvu imepungua mara 1,000. Mahali pa wazi pasipo na kizuizi, kila umbali unapoongezeka maradufu nambari hushuka kwa 6 hivi. Kama ni -45 ukiwa mita 5, itakuwa karibu -51 ukiwa mita 10, na -57 ukiwa mita 20.

Mtaani lakini si mahali pa wazi. Baraza la jiji lilijenga Mbotela miaka ya 1950, na kama ilivyo katika mitaa mingine ya enzi hiyo, kuta za nyumba za zamani hunyonya mawimbi zaidi kuliko mlango wa mbao. Mabati huyarudisha nyuma kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hivyo ukisimama karibu na chumba cha mabati unaweza kupata nambari nzuri kutoka upande usiotarajia. Mwili wa binadamu pia huzuia, maana sehemu kubwa yake ni maji. Halafu kuna aina mbili za mawimbi ya Wi-Fi zinazotumika zaidi: ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5, ambayo ina kasi lakini huchoka haraka. Kama kisanduku chako kinarusha zote mbili, linganisha 2.4 na 2.4, usilinganishe 2.4 na 5.

Kutafuta kisanduku, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana duka Mbotela na amevuta faiba. Anauza Wi-Fi kwa wateja, na malipo yanaingia kwenye nambari yake ya biashara. Jioni moja kijana anamjia.

“Mathe, mbona Wi-Fi yako imeniuliza PIN kwa ukurasa?”

“Yangu haiulizi PIN, mwanangu. Inauliza nambari ya simu peke yake.”

Hapo mama ana sababu ya kushuku. Anamwita fundi anayemtengenezea ruta, na fundi anaanza kazi ambayo hata wewe unaweza kuifanya.

Kwanza, anasimama karibu na ruta ya duka na kuandika anwani yake na nguvu yake. Tuseme ni -36. Sasa anajua ya halali ni ipi. Kwenye programu anaona jina hilohilo kwa anwani nyingine, nguvu -74. Kwa hivyo pacha hayuko dukani, na hayuko mlango wa pili.

Pili, anaizima ruta ya mama kwa dakika chache. Lile jina la -74 likibaki hewani, basi ni kifaa kingine kabisa. Likipotea, pengine ni kifaa cha kuongeza nguvu kinachotegemea ruta hiyohiyo, na kesi imeishia hapo. Hatua hii rahisi huokoa aibu nyingi.

Tatu, anatembea, lakini polepole. Tangu Android 9 iliyotoka 2018, programu huruhusiwa kuuliza orodha ya Wi-Fi mara 4 tu katika kila dakika 2. Ukitembea haraka, nambari unayoiona ni ya mahali ulipokuwa, si ulipo. Simama angalau nusu dakika kila kituo, soma mara mbili au tatu, andika nambari ya katikati. Kwa iPhone kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu programu za kawaida haziruhusiwi kuonyesha nguvu ya Wi-Fi za jirani. Programu ya Apple yenyewe iitwayo AirPort Utility ndiyo hufanya hivyo, baada ya kuwasha kipimo chake kwenye mipangilio ya simu.

Nne, anaandika kwenye karatasi. Mlangoni mwa duka -74. Kwenye lango -71. Kona ya barabara -79. Hapo anajua kona si njia, anarudi. Mwisho wa safu ya nyumba -60. Nyuma ya safu hiyo -53. Kila kituo kinaondoa upande mmoja na kuacha mwingine.

Tano, anatumia mwili wake. Anashika simu karibu na kifua na kugeuka robo duara, anatulia, anasoma, anageuka tena. Nambari inaposhuka kabisa, mwili wake umekaa kati ya simu na kisanduku. Maana yake kisanduku kiko mgongoni mwake. Akirudia katika sehemu mbili tofauti na kuchora mistari miwili, mahali mistari inapokutana ndipo pa kuangalia.

Kwa njia hii fundi anaweza kufika mbele ya milango mitatu, pengine miwili. Nambari ni -45. Na hapo ndipo anapaswa kusimama.

Mawimbi huonyesha kisanduku, hayaonyeshi mwizi

Tunaomba usome sehemu hii kwa makini, kwa sababu Nairobi inajua watu hufanyiwa nini umati ukishapiga kelele za mwizi. Nambari -45 mbele ya mlango haisemi nani aliyeweka kifaa ndani. Haisemi kama ni mwenye nyumba, mpangaji, mgeni wa wiki moja, au mtu aliyeacha kifaa kwenye dari bila mwenyeji kujua. Ukuta wa mabati unaweza kuwa umerudisha mawimbi kutoka chumba cha pili. Na kama kifaa ni simu mfukoni mwa mtu, kesho kitakuwa kwingine.

Kuna pia maelezo yasiyo na ubaya. Jirani anaweza kuwa alinunua ruta kuukuu iliyokuwa na jina la duka. Kijana anaweza kuwa anauza Wi-Fi yake kihalali na akanakili jina ili apate wateja. Huo ni ushindani mbaya, lakini si lazima awe anakusanya PIN. Kinachothibitisha utapeli ni ule ukurasa unaouliza PIN. Piga picha ya skrini, uandike tarehe, saa, jina la Wi-Fi, anwani ya kisanduku na nguvu uliyopima. Usijaze kitu chochote kwenye ukurasa huo, hata PIN ya uongo kwa kujaribu.

Ukiwa na karatasi hiyo, peleka habari kwa wanaoweza kuingia mlangoni kihalali: kituo cha polisi, na kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mpe pia habari mwenye Wi-Fi halali, abadilishe jina na abandike tangazo dukani. Sisi pia tuambie kupitia huduma kwa wateja, hasa kama kuna nambari ya simu au ya biashara iliyoonekana kwenye ukurasa.

Kusikiliza ni tofauti na kuingia

Kusoma majina na nguvu ya Wi-Fi zilizo hewani si jambo geni. Mwaka wa 2001 Marius Milner alitoa programu iitwayo NetStumbler, na watu wakaanza kuzunguka mijini kwa magari wakiandika kila Wi-Fi waliyoisikia. Leo hata simu yako hufanya hivyo. Ramani inapojua uko karibu na soko gani ilhali uko ndani ya jengo, mara nyingi imelinganisha Wi-Fi inazozisikia na orodha ya Wi-Fi ambazo mahali pake panajulikana.

Kuna mpaka, hata hivyo. Mwaka wa 2010 Google ilikiri kwamba magari yake ya kupiga picha za barabara, mbali na kurekodi majina ya Wi-Fi, yalikuwa yamenasa pia vipande vya mawasiliano ya watu waliokuwa kwenye Wi-Fi zisizo na ulinzi. Kampuni ilichunguzwa katika nchi kadhaa. Funzo kwetu ni mara mbili. La kwanza, kitu kinachopita kwenye Wi-Fi isiyo na kufuli bila kufichwa kinaweza kusikika na aliye karibu. La pili, ukitoka kwenye kupima ukaanza kunasa mawasiliano au kuingia kwenye ruta ya mtu, hata kama unamshuku, wewe ndiye unayevunja sheria. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inaweka adhabu ya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

PIN yako ina mahali pake

Sasa turudi kwenye pesa. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, malipo ya simu Kenya yamejengwa juu ya laini ya simu yenyewe. Ukipiga msimbo wa nyota na reli, au ukipata lile ombi la malipo linalotokea juu ya skrini, mawasiliano hayo hupita kwenye mtandao wa simu, hayapiti kwenye Wi-Fi ya duka. Ndiyo maana unaweza kulipa hata bila bando. Ukitumia programu rasmi ya malipo, mawasiliano husimbwa kabla hayajatoka kwenye simu, na mwenye ruta huona tu kwamba kuna kitu kimepita.

Kwa hivyo pacha mwovu hana njia rahisi ya kuchukua PIN yako hewani. Anachotegemea ni wewe umpe mwenyewe. Atakuwekea ukurasa wenye rangi unazozijua, na kisanduku cha kuandikia PIN. Hakuna ukurasa wa Wi-Fi unaohitaji PIN yako. Hakuna hata mmoja. PIN inaingia sehemu mbili tu: kwenye ombi la laini yako ya simu, au ndani ya programu rasmi.

Kuna ujanja wa pili, na huu huwapata hata walio makini. Ukurasa unauliza nambari ya simu peke yake, kama kawaida. Ombi la kweli linatokea kwenye skrini. Lakini badala ya shilingi 10 limeandikwa 1,000, au jina la biashara si lile unalolijua. Mtu amezoea, anabonyeza PIN bila kusoma. Hapa hakuna PIN iliyoibwa, umelipa mwenyewe. Soma jina na kiasi kila mara kabla hujaweka PIN. Kama haviko sawa, kataa, uondoke kwenye Wi-Fi hiyo. Na kama tayari umelipa, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa hazijatolewa. Kila dakika ni muhimu.

Kwa wenye biashara

Kama unauza Wi-Fi au unawapa wateja bure, una kazi ndogo ya kufanya. Bandika ukutani jina kamili la Wi-Fi yako, bei, na jina la biashara litakaloonekana kwenye ombi la malipo. Andika kwa herufi kubwa: HATUULIZI PIN KWENYE UKURASA. Weka neno la siri hata kama unaliandika ukutani hapohapo. Halimzuii kabisa tapeli aliyelisoma, lakini mawasiliano ya wateja hayatakuwa yanaelea hewani bila kufichwa.

Tembea na programu ya kupima mara moja kwa wiki, dakika 10 zinatosha. Pima mahali pa kulipia, pima mlangoni, pima lango la ploti, uandike. Siku kukiwa na jina lako kwa anwani usiyoijua, utaligundua mapema kabla mteja hajalia. Faida nyingine ni kwamba utajua mahali ambapo mawimbi yako ni hafifu. Mara nyingi kuitoa ruta nyuma ya friji au kuiinua juu ya rafu kunamaliza malalamiko ya “Wi-Fi yenu haishiki.”

Kwa kila mteja

Zima sehemu ya kuunganisha yenyewe kwa Wi-Fi zisizo na kufuli, na usahaulishe simu zile usizozitumia tena. Kabla ya kulipia Wi-Fi, muulize mwenyewe jina lake na bei. Kisha angalia nguvu: ukiwa umesimama kaunta ya duka huku simu ikionyesha mstari mmoja tu wa “Wi-Fi ya duka,” kuna kitu hakiko sawa. Ruta iko mita 2 kutoka kwako, inapaswa kujaa. Usilipe kwanza. Uliza.

Na ukiwa na haraka ya kutuma kodi, karo au pesa ya nyumbani, zima Wi-Fi kabisa. Piga msimbo, soma jina, soma kiasi, weka PIN. Pesa itafika bila kupitia ruta ya mtu.